Mama Aliuza Juni

Makere wananiita Dokta. Mwaka 2018 nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, habari ilifika kijijini kabla yangu, na jina langu la ubatizo likawekwa kando. Ukishuka kwenye gari pale barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, ukauliza nyumbani kwa mama yake Dokta, hata mtoto wa darasa la pili atakupeleka. Shangazi yangu aliwahi kupandisha kitenge mpaka gotini akanionyesha palipovimba. Nikamshauri aende zahanati. Akaondoka ameridhika kabisa na huduma.

Mimi si daktari wa goti wala wa kitu kingine chochote. Niliacha masomo mwaka 2021, nikaingia chumba cha habari, nikapewa ukurasa wa biashara. Dar es Salaam wote wanajua. Makere sikumwambia mtu, na hasa sikumwambia Mama, kwa miaka mitatu.

Nilikuwa nasomea nini? Mjomba aliniuliza hivyo hivyo, likizo yangu ya kwanza, tumekaa nje kwake na jioni imeshaanza kuwa ya baridi.

“Nasomea bei, Mjomba.”

“Bei za nini?”

“Hisa, hatifungani, kitu chochote unachonunua leo kwa sababu kitakupa kitu kesho. Nasoma kwa nini kina bei hiyo na si nyingine.”

Akanyamaza kidogo. “Sasa pale gulioni bei wanajuaje, na hawajasoma?”

Nilicheka, akacheka, tukahamia kwenye habari za mvua. Lakini nikwambie ukweli, msomaji: katika semina zote nilizokaa baadaye, sikusikia swali zuri kuliko hilo.

Fani yenyewe ilizaliwa na tasnifu. Machi 1900 Louis Bachelier alisimama mbele ya walimu wake mjini Paris kutetea kazi ya udaktari kuhusu ubahatishaji kwenye soko la fedha. Alionyesha kwa hesabu kwamba mwendo wa bei haubashiriki, ni kama hatua za mlevi: jana yake haikwambii kesho yake. Wakampa daraja la heshima, ila si lile la juu kabisa, na kazi ikalala kwa nusu karne hivi kabla wachumi hawajaifufua. Miaka ya 1950 Harry Markowitz alipotetea tasnifu yake kule Chicago, juu ya namna ya kugawa mtaji kwenye mali tofauti ili kupunguza hatari, Milton Friedman alimwambia kwamba hesabu haina kosa ila huo si uchumi. Mwaka 1990 Markowitz akapata Nobel ya uchumi. Hadithi hizi tulisimuliana sana sisi wanafunzi, hasa usiku, tukiwa tumekwama. Kila aliyekwama alijiona Bachelier.

Kilichoniteka mimi kilikuwa makala ya Robert Lucas ya mwaka 1978. Ndani yake hakuna soko lenye kelele wala benki. Kuna miti. Kila mti unatoa matunda, matunda hayawekwi akiba, watu wanakula kilichoanguka mwaka huo, na swali linabaki moja: mti una bei gani? Nilisoma maktaba nikacheka peke yangu. Mtu wa Kigoma humfundishi kwamba mti una bei. Mchikichi unarithiwa, unagombaniwa, unapelekwa mpaka kwa mtendaji wa kijiji.

Jibu lake, ukiondoa hesabu, ni hili. Usihesabu tu matunda, angalia yanaanguka lini. Mti unaozaa sana mwaka ambao miti yote imezaa hauna maajabu, kwa sababu siku hiyo kila mtu ameshiba. Mti unaozaa kidogo tu, lakini unazaa mwaka wa ukame, huo ndio watu watapigania. Kwa maneno mengine, shilingi ya siku ya njaa ni nzito kuliko shilingi ya siku ya shibe, na bei ya leo ya kitu chochote ni malipo yake ya kesho yaliyopimwa kwa uzito huo. Kwenye vitabu uzito huo umepewa herufi moja, m. Mtu anayesoma uzamivu wa bei za mali anaishi na hiyo m kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia.

Kuna fumbo maarufu lililotokana na hapo. Mwaka 1985 Rajnish Mehra na Edward Prescott walichukua kumbukumbu za Marekani za miaka 90, kuanzia 1889 mpaka 1978, wakakuta hisa zimewalipa wenye nazo karibu asilimia 7 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, wakati dhamana za serikali zililipa chini ya asilimia 1. Kwamba hisa zina hatari zaidi, sawa. Lakini ili pengo lote lile lielezeke, hesabu ilidai watu wawe waoga kiasi ambacho hakuna binadamu wa kawaida anaishi hivyo. Miaka mingi imepita, majibu ni mengi, na wingi wa majibu ni ishara kwamba hakuna lililokubalika. Upande mwingine watafiti waliendelea kugundua sababu mpya za hisa fulani kulipa kuliko nyingine, mpaka mwaka 2011 John Cochrane akalalamika kwamba fani imekuwa bustani ya wanyama. Mwaka 2016 wenzake wengine wakaketi kuwahesabu hao wanyama: 316, na walisema wazi wengi wao pengine ni bahati ya takwimu tu.

Sasa mimi nilitaka kuleta haya yote nyumbani. Pendekezo langu la utafiti lilihusu Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Soko hilo lilianza kazi Aprili 1998 na kampuni moja, TOL. Nilipokuwa nasoma, miaka ishirini na kitu baadaye, kampuni zilizoorodheshwa zilikuwa hazijafika thelathini, na kadhaa kati yake zilikuwa za Kenya zilizokuja kuorodheshwa huku mara ya pili. Chicago wana kumbukumbu za bei za hisa za New York kuanzia 1926. Mimi nilikuwa na jedwali langu la Excel, na ndani yake, siku baada ya siku, namba ile ile. Hisa ya NMB, iliyouzwa kwa umma shilingi 600 mwaka 2008, nakumbuka ilivyokaa kwenye 2,340 mpaka nikawa naiota. Ukiangalia kwa haraka utadhani kompyuta imeganda.

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie. Kipimo kikuu tunachofundishwa, kile cha William Sharpe cha mwaka 1964, kinaitwa beta. Kinauliza: soko zima likitikisika, hisa hii inatikisika kiasi gani? Inayotikisika sana ina hatari zaidi, kwa hiyo inapaswa kulipa zaidi. Vizuri. Lakini hisa ambayo wiki nzima hajaitaka mtu utaiuliza nini? Bei yake haikuguswa, kwa hiyo haikutikisika, kwa hiyo hesabu inakuambia haina hatari. Yaani ile hisa ambayo ukipatwa na msiba leo huwezi kuiuza, ndiyo eti salama kuliko zote. Elroy Dimson aliandika dawa ya tatizo hili mwaka 1979: unapima hisa na mwendo wa soko wa jana na wa kesho pia, si wa leo peke yake. Niliitumia. Ilisaidia kama panado inavyosaidia malaria.

Sura ya tatu niliiandika upya mara tano. Msimamizi wangu, mtu mwema ambaye sina neno baya juu yake, aliniambia nibadili nchi. “Chukua data za Johannesburg, mwaka kesho unavaa joho.” Alikuwa sahihi. Wenzangu wawili walifanya hivyo na leo ni madaktari kweli. Mimi nikakaza shingo kwamba bila Dar es Salaam siandiki. Ningependa ujue kwamba niliacha kwa msimamo huo. Hapana. Niliacha kwa sababu ya kodi ya nyumba. Posho ilikwisha, gazeti likatoa nafasi, nikajiambia ni ya miezi sita.

Kumwambia Mama ndiyo ikawa kazi. Kila nikipiga simu ananiuliza, “Masomo?” Nami nasema, “Yanaendelea, Mama.” Mtu akizoea kusema sentensi hiyo haioni tena kama uongo. Inakuwa sehemu ya salamu, inafuata marahaba.

Juni 2024 nilipanda basi nikaenda. Nilijiambia safari hii nasema.

Ukifika Makere Juni, kila ua una maharage. Yako juu ya maturubai, juu ya mikeka, watoto wanafukuza kuku, wanawake wanapeta. Asubuhi kuna baridi ya kukunja vidole. Mama alikuwa amevuna ya njano, mazuri, na siku ya pili akaniambia niingie ndani nimletee daftari lake, aandike idadi ya madebe.

Ni kaunta buku lenye jalada jeusi, kona zimeliwa na mende, linakaa kwenye kabati la vyombo. Alianza kuliandika aliposhika uhazini wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na tangu hapo kila alichouza na alichonunua kimo humo, tarehe, madebe, bei, na neno moja au mawili. Nililijua maisha yangu yote. Sikuwahi kulisoma.

Nilisimama pale kabatini nikifungua kurasa. Mwaka 2015, Warundi walipoanza kumiminika Nyarugusu, kambi ya jirani yetu iliyokuwa na Wakongo tangu 1996, bei zinapanda na mwandiko wa Mama unakuwa wa haraka. Mwaka 2017 ameandika “pesa ya kambi imesimama.” Ni ule mpango wa WFP wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu wajinunulie chakula, uliositishwa mwaka huo. Mstari unaofuata, debe limeshuka. Hakuna bei hata moja iliyoganda. Habari inaingia, bei inasogea, wiki hiyo hiyo. Eugene Fama amepata Nobel mwaka 2013 kwa kazi iliyoanza na swali hilo, kama bei zinazibeba habari, na mimi nilikuwa nimesumbuka miaka mitatu na jedwali la 2,340.

Kisha nikafika Juni 2019.

“Madebe 14 kwa 19,000. Mtoto chuo.”

Nikaikumbuka ile pesa. Nilikuwa nimempigia nikalia shida, muhula unaanza na posho haijatoka, na kesho yake ikaingia kwenye simu laki mbili na nusu. Madebe 14 mara 19,000 ni 266,000. Yale 16,000 yaliyobaki nadhani ni makato na sabuni.

Nikafunua mbele. Januari 2020: “Nimenunua debe 1 kwa 36,000. La kula.”

Mtu aliyesoma nilichosoma hawezi kuona namba mbili za namna hiyo akaziacha. Kutoka 19,000 mpaka 36,000 ni asilimia 89 kwa miezi saba. Hakuna hisa iliyokuwa kwenye jedwali langu iliyolipa hivyo. Madebe yale 14 kwa bei ya Januari ni 504,000. Msimamizi wangu angenikata hapo hapo, na angekuwa na haki: ile 36,000 ni bei ya kununulia, si ya kuuzia, maharage yakikaa yanabunguliwa, mifuko ya kuhifadhia nayo ni pesa. Sawa. Toa utakacho toa, bado linabaki pengo la kutisha, na linabaki kila mwaka, ukurasa baada ya ukurasa. Mama anauza Juni kwa bei ya kutupa, ananunua Januari kwa bei ya kuuma.

Na hapa nadharia yangu ilinipiga kofi. Maana kwa mujibu wa ile miti ya Lucas, maharage yaliyowekwa Juni yangekuwa ghali Juni hiyo hiyo. Yanalipa lini? Januari, watu wana njaa, shilingi ni nzito. Kitu kinacholipa siku ya njaa watu wanapaswa kukigombania leo. Mbona leo kiko bei ya chini, na lori za Kahama zinajichukulia?

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, Mama ananiita kutoka nje, “We baba, daftari limepotea?” na mimi nahesabu. Jibu lilikuwa kwenye yale maneno mawili ya pembeni. Mtoto chuo. Nilikuwa nimeiweka njaa Januari kwa sababu njaa niliyoijua ni ya tumbo. Lakini Juni nayo ina njaa yake. Juni ndiyo kuna ada, kuna mikopo ya mbegu inayodaiwa, kuna kijana Dar es Salaam anapiga simu. Shilingi ya Mama ya Juni ilikuwa nzito kuliko ya Januari, ndiyo maana aliuza. Hakukosea hesabu. Na aliyeifanya iwe nzito ni mimi, nikiwa nasoma kwa nini vitu vina bei.

Kenya wamelipima jambo hili vizuri. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, waliofuata wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, wateja wa shirika la One Acre Fund. Wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Wengi waliweka mahindi, wakauza bei ilipopanda, na faida ilikuwa karibu asilimia 29 ya mkopo. Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya pili. Pale mikopo ilipotolewa kwa wengi kwenye eneo moja, bei ya mavuno ilipanda na pengo likapungua, hivyo faida ya kila mwenye mkopo ikawa ndogo, na wasiokopa nao wakapata nafuu. Nilisoma kazi hiyo nikiwa mwanafunzi, toleo la awali, nikaiweka kando. Nilidhani ni ya watu wa kilimo.

Nikatoka na daftari. Mama alikuwa anachambua, mgongo umeinama, anatupa yaliyooza bila kuyaangalia. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza kuchambua naye. Ni rahisi zaidi kusema kitu mikono ikiwa na kazi.

“Mama, masomo niliacha.”

“Najua.”

Nikanyanyua kichwa. Yeye hakunyanyua.

“Nani alikwambia?”

“Nani aniambie? Uliacha kuniomba hela.” Akapeta kidogo, akapuliza makapi. “Mtoto anayesoma anaomba. We ukaanza kutuma.”

Sikuwa na la kujibu. Miaka mitatu nilikuwa nalinda siri ambayo nilikuwa naituma mwenyewe kwa simu kila mwisho wa mwezi, na jina langu kamili juu yake.

Nikamwambia nimeona daftari, nimeona Juni ile ya madebe 14. Nikaanza kueleza, pengo, Januari, asilimia 89, nikasikia sauti yangu inakuwa ile ya semina. Akanisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo.

“Sasa ningeyaweka,” akasema, “wewe ungekaa wapi mpaka Januari?”

Basi, tukachambua. Alasiri alikuja kijana wa pikipiki anayenunulia wenye lori, akasema wanatoa 31,000. Mama akamwambia asubiri barabarani, akanigeukia.

“Haya, wewe uliyesomea bei. Tuuze au tuyaweke?”

Nilifikiria kwa dhati. Nilifikiria mvua, kambi, mpaka, lori ngapi nimeziona Kasulu.

“Sijui, Mama.”

“Hata mimi sijui,” akasema. “Tuuze nusu.”

Akaingia ndani kutafuta magunia. Mimi nikaanza kupima, debe juu ya debe, nikisawazisha kwa kiganja. Kijana alirudi, akaegesha pikipiki, akavua kofia.

“Shikamoo, Dokta.”

Nilimwangalia Mama, alikuwa ameshatoka na magunia mkononi. Hakumsahihisha. Akaniambia nishike mdomo wa gunia vizuri.